Kidole Kilichobaki

"Mama, hapa pamepungua."

Binti yangu alikuwa mezani na shairi langu, lile nililolisoma redioni, ambalo hadi leo watu wakinikuta sokoni huniomba niwaghanie. Chuoni wametakiwa wachambue shairi lolote, naye akachagua la mama yake. Nikadhani ananipamba.

"Pamepungua nini?"

"Mizani. Kila kipande kina nane, hiki kina saba."

Baba yake akashusha gazeti. "Shairi hilo limekutangulia kuzaliwa, mwanangu. Washairi wazima wamelipigia makofi."

"Kwa sababu Mama hulighani, Baba. Sauti yake ikivuta, pengo halisikiki. Mimi nimelihesabu kimya kimya."

Damu ikanichemka. Nikanyoosha vidole vinane, magumba nikayaacha, nikawa nakunja kimoja kwa kila silabi. *Mlango wangu wazi.* Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikabaki kimesimama, kinanitazama.

Nikarudia polepole. Kikabaki kilekile.

"Ungesema *Mlango wangu u wazi*, ingetimia," akasema, sauti imeshuka, macho chini. "Samahani, Mama."

Samahani ya nini? Nilisukuma kiti, nikafungua dirisha linalotazama kwa jirani, mshairi mwenzangu, ambaye miaka yote hii amelitafutia shairi lile kosa asilione.

"Wee jirani!" nikapaza sauti, kidole bado kimesimama. "Kosa limepatikana! Njoo umwone aliyelipata! Wangu huyu, nimemzaa mwenyewe!"