Jina la Mkwe

Kila mzee atimizapo miaka sabini, watafiti huja nyumbani kumpima kumbukumbu. Akishindwa, ubongo wake ni mali yao, nao humchukua siku hiyohiyo.

Bi Tusekile alijibu yote, hata bei ya sukari, mpaka mpimaji alipomnyooshea kidole mwanawe. "Huyu anaitwa nani?"

"Baba."

Mwanawe huyo, Ambilikile, alirithi jina la babu yake mzaa baba, na mwanamke wa Kinyakyusa hatamki jina la mkwewe. Tangu amzae, mama yake hajamwita vinginevyo.

"Jina lake, bibi."

Bi Tusekile alicheka kwa haya, akamgeukia mwanawe. "Baba, hebu waambie mwenyewe."

Ambilikile alikitazama chumba cha mama yake, ambacho mkewe alishakipimia mapazia.

"Mnaona?" akawaambia watafiti. "Mimi mwanawe, ananiita baba."