Mkono wa Kushoto wa Msalaba

Msalaba ulikuwa umeliwa tena. Katekista Silvester aliupapasa mkono wa kushoto, vidole vikatoka vyeupe. Kuna mtu alikuwa akiukwangua. Panya hali jiwe.

Wala haukuwa msalaba wa mchezo. Padri Mwingereza aliuleta Ipogolo kwa meli na lori kutoka kijijini kwao, ambako ulisimama njia panda karne na karne. Siku ya kuubariki alieleza habari zake zote, hata wagonjwa wa kale walivyouendea na kupona, na Silvester akatafsiri mpaka akina mama wakalia. Sasa, mwaka huu wa 1954, Padri amesema wazi: Askofu anakuja Jumapili. Mwizi asipopatikana, ukatekista basi, na nyumba ya misheni airudishe.

Kwenye misa Silvester akawa anatazama viganja vya watu badala ya nyuso. Lakini shaka yake ilishamwangukia Yunusu mwenye duka, aliyekuwa na kopo la chokaa ya tambuu, nyeupe pe, mezani pake. Mkristo gani angethubutu? Akamwendea na hasira zake zote.

Yunusu alimsikiliza mpaka mwisho, akapaka chokaa kwenye jani lake, akatafuna.

"Mwalimu, mwizi wa kanisani unamtafuta kwa Mwislamu? Mimi nauza tupa ya kunolea majembe. Mnunuzi anakoipeleka, simfuati."

Tupa! Kumbe anamjua, anamficha. Silvester akaenda moja kwa moja kwa Padri, wakakubaliana aajiriwe mlinzi.

Nyumbani Rozalia alimpokea na bakuli la uji. Masikini mke wake! Mwaka uliopita, tumbo lilipomlaza Silvester na mganga wa bomani akakata tamaa, ni yeye aliyehangaika na dawa za shangazi yake, akimkorogea kila siku mpaka akasimama. Siku hizi Silvester anakula hata pilipili.

Alikunywa huku akimsimulia habari za mlinzi. Rozalia akaketi karibu yake.

"Anaanza lini, Baba Benedicta?"

"Kesho asubuhi."

Rozalia akalitazama bakuli.

"Basi koroga vizuri, unywe na ile iliyoganda chini," akasema. "Maana mkono wa kulia nilikuwa sijauanza."