Kifo cha Nahodha Ganzo

Nahodha Ganzo alitakiwa awe amekufa kabla ya Alhamisi mchana, na wa kumuua alikuwa Tsukasa Onodera, mchoraji yule yule aliyempa uso wa baba yake mzazi.

Mhariri Kuwahara alikuwa ameketi sakafuni tangu asubuhi, koti hajavua, akisubiri kurasa. Hadithi ya katuni ya Tsukasa, ya mtoto haramia anayemtafuta baba yake, Nahodha Ganzo, kisiwa hadi kisiwa, ilikuwa changa bado jaridani na tayari ilikuwa inaburuta mkia katika kura za wasomaji. Hadithi za mkiani hukatwa, na mchoraji hurudi kwao.

"Mwalimu, nisikilize," alisema Kuwahara, kwa jina la heshima wanaloitwa wachoraji. "Mtoto kahangaika wee, leo kampata baba. Sasa wakumbatiane, waende nyumbani wakanywe supu? Nani atanunua hiyo? Mzee afe, tena afie mikononi mwa mtoto. Nataka watu walie kwenye treni mpaka wapitilize vituo vyao."

"Mama anasoma," alisema Tsukasa.

"Mama wa kila mtu anasoma. Wangu anasoma na hajawahi kunisifu hata siku moja. Chora."

Mama huyo, Bi Fumie, alikuwa jikoni. Tangu alipotoka bandarini kwao kaskazini kuja kumpikia mwanawe, hakuacha desturi yake hata mlo mmoja: akishapakua chakula chao, alipakua na cha mtu wa tatu. Bakuli la wali, kipande cha samaki, na supu ya miso, ya soya iliyochachushwa, katika bakuli lenye kifuniko. Wake za wavuvi kwao humwekea hivyo mume aliye safarini, ili huko aliko asishikwe na njaa. Wa nyumbani wakishakula, mke hufunua kile kifuniko na kukitazama kwa ndani. Kikiwa na matone, mtu wao yu hai.

"Mzima," Bi Fumie alikuwa akisema kila mara, kisha anakinywa kile kisupu kilichopoa mwenyewe.

Supu ya moto iliyofunikwa itaachaje kutoa jasho? Tsukasa alikuwa ameshachoka kuuliza. Alipokuwa mdogo baba yake aliondoka na meli ya kuvua jodari, na meli ilirudi bila yeye. "Yuko baharini," mama alisema, na hakuongeza neno. Watu wa mtaani walikuwa wakimwona yule mtoto wanainamisha macho, na mtoto akikua huyaelewa macho ya namna hiyo. Hata hivyo picha ya baba haikuwekwa penye ubani, pamoja na wafu wa ukoo. Mama alikataa katakata.

Tsukasa hakuwahi kumlilia. Pale ambapo wenzake wana baba, yeye palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikuwa na huruma na mama yake, basi.

Bi Fumie aliingia na chai. Akainama juu ya meza, akamtazama Ganzo aliyesimama chini ya mlingoti, kifua wazi, mbavu zinahesabika.

"Umemkondesha mno," alisema. "Siku hizi atakuwa na kitambi."

Kuwahara aliangua kicheko, akidhani ni mzaha. Tsukasa hakucheka. Alingoja mama arudi jikoni.

"Umemsikia? Kwake yeye huyu mtu anazidi kunenepa mahali fulani. Nikimuua Ganzo, nitakuwa nimemzika mumewe mbele ya nchi nzima, na sikumuuliza. Sijui kama atakula tena."

Kuwahara alizungusha kikombe mkononi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mabosi wake.

"Na usipochora, Mwalimu, mtarudi wote wawili bandarini ukapakie samaki. Mimi nitakuja kununua. Nitaomba unipunguzie bei."

Basi Tsukasa akachora. Alichora mkuki ukiruka kutoka meli ya adui, na Ganzo akijitupa mbele ya mwanawe. Alichora mdomo wa Ganzo ukimwomba mtoto msamaha kwa miaka yote aliyomkosesha. Alitamani mkono wake utetemeke, angalau kwenye macho. Haukutetemeka. Mistari ilitoka safi kuliko siku zote.

Kuwahara alizisoma kurasa akiwa amesimama. Alipofika mwisho alijifuta macho kwa tai, akazitia kwenye bahasha, akakimbilia treni bila kuaga.

Tsukasa alikwenda jikoni, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Nimemuua Ganzo, Mama. Kurasa zimeshaondoka. Nisamehe."

Bi Fumie alizima jiko.

"Najua ulimngojea Baba," aliendelea Tsukasa, uso bado uko chini. "Lakini mimi nimekuwa mtu mzima sasa, naweza kubeba. Tumtafutie picha nzuri, tumweke penye ubani na wenzake. Na wewe upumzike."

Alingoja kilio. Alikuwa amejiandaa kukipokea, na alikuwa na haya kidogo kwamba yeye mwenyewe bado hasikii kitu. Mama hakulia. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyetoka sokoni akakumbuka kitu alichosahau kununua.

"Si ungeniuliza kwanza, mwanangu," alisema. "Baba yako alipiga simu juzi kutoka kwake Yaizu. Binti yake mdogo halali, anataka kujua kama nahodha atapona."