Bi Harusi Juu ya Bati

Mafuriko yaliingia mjini wakati Mwanakheri ndiyo kwanza amepakwa hina, kwa hiyo jeshi lilimkuta juu ya bati pamoja na somo yake aliyemfunda, mikono kainyoosha juu isiguse kitu.

"Shika kamba, dada!" alifoka Sajenti Mgaya kutoka kwenye boti.

"Thubutu!" alidakia somo. "Hina mbichi, harusi jioni. Unataka aende kwa mumewe na madoadoa?"

Sajenti alitafakari. Katika vita vyote alivyofunzwa, hina haikutajwa. Akaamuru askari wanne wambebe bi harusi kama yai, na wa tano amkinge mvua kwa mwavuli.

Mwanakheri alicheka njia nzima, mikono juu. Ng'ambo, bwana harusi alipoliona jeshi linamjia, naye akanyoosha yake.