Mechi Elfu Kumi za Tamima

Tamima alikuwa mtakwimu wa timu ya taifa, na kaka yake Hamdani alikuwa kipa namba moja wa timu hiyo hiyo. Asubuhi ya mechi ya kufuzu, kocha aliingia katika ofisi ndogo ya Tamima pale uwanjani, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Ichezeshe mechi ya leo na Hamdani golini," alisema.

Tamima akabonyeza kitufe. Jedwali lake, alilolijaza matokeo ya miaka kumi na miwili ya mechi za kimataifa, liliicheza mechi ile kwa hesabu mara elfu kumi kabla kocha hajakaa vizuri. "Tumefuzu mara elfu tatu na mia moja," alimsomea.

"Sasa mtoe. Mweke Shekuwe."

Akafuta jina la kaka yake, akaandika la kipa wa akiba. Namba ikapanda.

"Miwani nimeiacha hotelini," kocha alisema. "Inasemaje?"

Tamima aliitazama ile namba. Angeweza kutaja yoyote, na hakuna ambaye angejua.

"Elfu nne na mia mbili, Kocha."

"Una hakika?"

"Hesabu ndiyo hiyo."

Kocha akashukuru, akatoka. Tamima akasogea dirishani. Huko chini, Hamdani alikuwa akipasha misuli golini peke yake. Alipomwona kocha akikata uwanja kumfuata, alitabasamu, akavua glavu ya kulia, akanyoosha mkono kumsalimia.