Beji ya Mamba

Hivi wewe ungesimama, ukiitwa mbele za watu ubandikwe kifuani sura ya mnyama aliyemla mwanao?

Bi Siwatu alisimama. Kanga yake aliipiga pasi tangu jana, na wifi yake ndiye aliyemsukuma mgongoni. "Nenda bwana, wenzio wanaililia hiyo!"

Kapteni aliinua beji mpya ya kikosi ili uwanja mzima uione. Ilikuwa ya shaba, ina mamba aliyeachama kinywa juu ya mistari ya buluu.

"Mistari hii, mama, ni ule mto tuliouvuka vitani. Mamba ndiye sisi: anavumilia, haonekani, akishika haachii. Na huu ulimi mwekundu ni damu."

"Damu ya nani, baba?"

"Ya adui, mama."

Watu wakapiga makofi. Lakini siku ile ya kuvuka adui hakuwa hata karibu na mto. Chande, mwana wa Bi Siwatu, alishikwa mguu na mamba, wenzake wakimwona, na wenzake hao hao ndio waliokuja kumsimulia mama yake.

Kapteni akainama amfunge pini. Bi Siwatu akamshika mkono, polepole, kama anayemzuia mtoto asiguse chungu cha moto.

"Mngeniuliza kwanza ninachotaka."

"Sema tu, mama."

"Nilitaka mumuue huyu, baba. Mumpasue tumbo, mniletee japo kifupa kimoja nikizike."