Mtu wa Chuo

Miezi mitatu mizima Desmond Thorvaldson aliingia kiwandani asubuhi na kutoka jioni bila kumsalimu mtu. Salamu, alisema, huharibu utafiti.

Kiwanda kilikuwa katika mji wa Winnipeg, kikishona makoti ya baridi. Desmond alikuwa katika mwaka wa saba wa shahada ya uzamivu akisomea tabia za watu kazini, yeye ambaye hajawahi kuajiriwa hata kuzoa theluji ya jirani. Tasnifu yake ilikuwa na kurasa mia tatu na wazo moja: mafundi wakipangiwa meza upya na kupunguziwa mapumziko, watashona zaidi na watafurahi zaidi. Jopo la maprofesa lilikuwa limemrudisha mara mbili. Safari hii walimwambia wazi: alete ushahidi kutoka kwa watu walio hai, au afunge virago.

Basi akaketi. Kiti chake kiliwekwa juu ya jukwaa la mbao karibu na mlango wa mizigo, mahali penye baridi ya kung'oa meno. Meneja, Lorna Wasyliw, mama mpana mwenye pini zilizochomekwa kifuani, alimwazima koti jekundu. Desmond alivuta kofia ya koti hadi kwenye nyusi, akavaa miwani yake ya fremu nene nyeusi, akaweka daftari mapajani na kuwakodolea macho mafundi arobaini.

"Nataka kuhamia kule kwenye joto," alisema siku ya pili.

"Hapo hapo, mwanangu. Hapo ndipo unapoonekana vizuri."

"Unamaanisha ninapoona vizuri."

"Na hilo pia," alisema Lorna.

Desmond aliandika: "Wafanyakazi hawana udadisi. Zile sanamu tatu za kujaribishia makoti, pale kona, zina nyuso zenye akili zaidi." Akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya pekee kucheka kiwandani, na alicheka kwa jambo lake mwenyewe.

Kila Ijumaa alimkabidhi Lorna ukurasa wa mapendekezo. Lorna alishukuru, akaukunja na kuutia mfukoni mwa aproni. Wiki ya nne Desmond aliuona mmojawapo umekunjwa mara nane chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Akaandika: "Meneja ameanza kurekebisha meza."

Na makoti yaliongezeka, hilo halina ubishi. Kutoka mia moja na kumi kwa siku hadi mia moja arobaini na moja.

"Nenita, kengele imelia, twende kahawa," fundi mmoja alimwita mwenzake.

"Nenda wewe, shoga," alijibu Nenita Dumlao, mshona mikono ya makoti, uso ukiwa juu ya cherehani. "Mimi yule akianza kuandika, roho inanipaa."

Desmond aliyasikia yote. Akaandika kwamba mapumziko mafupi yamepokelewa vizuri.

Siku ya mwisho alikuja na miwani mipya, ya kwendea kwenye jopo. Lorna aliitazama ile ya zamani mkononi mwa Desmond.

"Niachie hiyo basi, mwanangu. Na daftari moja, hata kama limejaa."

Desmond aliguswa. Watu wadogo, aliwaza, hupenda kumbukumbu.

Mbele ya jopo alizungumza saa nzima. Profesa Pruden, msimamizi wake, mwanamke asiyepoteza maneno, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Labda walikuogopa tu," alisema. "Mtu akitazamwa hujitahidi, hata mtoto anajua. Tutangoja miezi miwili ambayo wewe hutakuwapo kiwandani. Idadi ikishuka, hakuna shahada. Isiposhuka, nitakubali kwamba ni nadharia yako."

Kwa miezi hiyo miwili Desmond hakulala usingizi wa maana. Miaka saba ilikuwa mikononi mwa mafundi ambao hakujali hata kuyajua majina yao.

Siku ilipofika walikwenda pamoja, yeye na profesa. Lorna aliwapokea ofisini na kufungua kitabu cha kazi.

"Jana, makoti mia moja arobaini na matatu. Idadi haijashuka hata siku moja. Tazameni wenyewe."

Profesa Pruden alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akavua glavu, akanyoosha mkono.

"Nilikudharau, na nilikosea. Hongera, Daktari Thorvaldson."

Desmond alihisi machozi. Furaha humlainisha hata mpumbavu, na kwa mara ya kwanza akawakumbuka wale wanawake.

"Naomba niingie niwasalimie."

Lorna alifunga kitabu haraka. "Leo? Wana kazi nyingi, mwanangu. Waache tu."

Lakini Desmond alishafungua mlango, profesa nyuma yake.

"Habari za kazi, akina mama!"

Hakuna aliyeitikia. Cherehani arobaini zilinguruma, vichwa arobaini vimeinama. Juu ya jukwaa, kando ya mlango wa mizigo, ilikaa sanamu moja ya plastiki, koti jekundu, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, miwani ya fremu nyeusi, daftari mapajani.

"Wee, shusha sauti," alinong'ona Nenita bila kuinua kichwa. "Yule mtu wa chuo atakuandika."